Ndama wa Jumapili

Watu wakiniuliza kama dini na sayansi vinaweza kulala nyumba moja bila kupigana, huwa nawauliza kwanza kama wamewahi kufuga ng'ombe. Wengi hudhani nawakwepa. Siwakwepi hata kidogo. Nimefundisha bayolojia karibu maisha yangu yote ya kazi, na kila Jumapili niko kanisani, benchi la tatu kutoka mbele, kwa hivyo hoja za pande zote mbili nimezisikia hadi zimenichosha. Nyingine husemwa kwa sauti kubwa kuliko maana yake. Lakini sijasikia hoja iliyonifundisha kama alivyonifundisha ng'ombe wetu mwekundu.

Tulikaa juu ya Manyatta, upande wa Embu, shamba letu likiteremka hadi mtoni. Nyumbani kwetu mambo yalikuwa yamegawanywa bila mtu kuandika popote: kahawa ilikuwa ya baba na maziwa yalikuwa ya mama. Kahawa ilijenga nyumba na kutupeleka shule. Maziwa yalinunua chumvi, mafuta ya taa, sare iliyoraruka kabla ya wakati, na kila kitu ambacho mama hakutaka kumwomba mtu. Ng'ombe alikuwa mmoja tu, mwekundu kama udongo wa kwetu, mpole, na kwa wakati ninaousimulia alikuwa ameanza kuzeeka. Ndama wake wa nyuma wote walikuwa madume, wakauzwa. Mama alikuwa anataka mtamba wa kumrithi huyu bibi kabla hajakauka. Alitaka sana. Hata alipokuwa akichuma mboga ungemsikia akimwambia ng'ombe, kule zizini, "Nipe mmoja tu wa kike, halafu upumzike."

Ng'ombe naye hakushika mimba. Mwaka ulipita, mwingine ukaanza, maziwa yakazidi kupungua.

Hapa nieleze jinsi mambo yalivyokuwa yakifanywa, maana vijana wa leo hupiga simu na mtu akaja hadi mlangoni. Siku hizo, miaka ya themanini, serikali ilikuwa na afisa wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Kando ya barabara kulikuwa na vizimba vya mbao, vyembamba, kila kimoja cha kumtosha ng'ombe mmoja. Ng'ombe wako akianza kulia na kukataa nyasi, ukajua anataka dume, ulimwongoza asubuhi hadi kizimbani, ukamfungia humo, ukangoja. Afisa alipita kwa pikipiki na mtungi wake wa mbegu za madume ya kigeni, zilizokuwa zimegandishwa. Akiufungua, mtungi ulitoa moshi mweupe wa baridi, na sisi tuliosimama karibu tulirudi nyuma. Watu waliuita ule mrija sindano, ingawa haukuchoma mtu wala mnyama.

Afisa wetu alikuwa mtu wa Meru, mwenye koti la ngozi na maringo ya kutosha kata nzima. Alipita kila asubuhi, hata Jumapili, kwa sababu, alivyosema, ng'ombe hawana kalenda. Na alikuwa na msemo wake: "Ikishika ni mkono wangu. Ikikataa ni mapenzi ya Mungu." Watu walicheka. Baba hakucheka. Aliniambia siku moja tukirudi kutoka kizimbani, "Mama, huyu mtu anampa Mungu makapi."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu. Hata akinigombeza alinigombeza kwa heshima.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili kwake ilikuwa ukuta. Kuni zilipasuliwa Jumamosi. Maji yalitekwa Jumamosi. Nyasi za ng'ombe zilikatwa Jumamosi zikarundikwa, na Jumapili jembe halikuguswa hata kuhamishwa kutoka njiani. Ng'ombe alikamuliwa tu, kwa kuwa mama alisema kiwele hakina breki. Lakini baba hakuwa adui wa elimu, na naomba asidhaniwe hivyo. Kahawa yake aliinyunyizia dawa kwa kufuata maagizo neno kwa neno. Alipanda mbegu alizoshauriwa. Alinisomesha mimi msichana wakati majirani walikuwa wakimwuliza kama amekosa kazi ya kufanyia pesa. Ugomvi wake na sayansi, kama ulikuwako, ulikuwa wa siku moja katika wiki.

Nilikuwa kidato cha pili, nikitembea kwenda shule na kurudi, na nilikuwa nimeipenda bayolojia kama wenzangu walivyopenda wavulana. Mwalimu alipotufundisha kwamba ng'ombe hutaka dume kila baada ya siku ishirini na moja, na kwamba hali hiyo, hiti kwa lugha ya maafisa, haidumu hata siku nzima, niliketi wima. Ishirini na moja ukigawa kwa saba ni tatu kamili. Maana yake, ng'ombe akianza Jumapili, atarudia Jumapili, na baada ya hapo Jumapili nyingine, hadi kiama. Na wetu, nilipokumbuka, alilia siku ya Jumapili! Alilia wakati baba akisoma sala mezani na sisi tumevaa nguo za kanisa. Baba aliingoja Jumatatu ifike, akampeleka kizimbani mapema sana, na afisa akamwambia, "Mzee, hii ng'ombe hiti yake imeisha jana. Nitaweka, lakini usinilaumu." Kila mara hivyo hivyo. Hakuna mahali pengine duniani ninapopajua ambapo ng'ombe angebaki bila mimba kwa sababu mwenyewe anamcha Mungu mno.

Nilikimbia nyumbani na ugunduzi wangu. Baba alinisikiliza hadi mwisho, akahesabu kwa vidole, akakubali hesabu.

"Umesoma vizuri, mama," alisema. "Tutangoja abadilishe siku."

"Hawezi kubadilisha, baba. Ni mwili wake."

"Mungu aliyeuumba huo mwili anaweza."

Nilimkumbusha yule ng'ombe wa mfano aliyetumbukia kisimani siku ya sabato, na kila mtu akaona ni haki kumtoa. Baba alifikiri.

"Huyu hajatumbukia," akasema. "Huyu anataka mume."

Mama aligeukia jiko ili asionekane akicheka. Mimi sikucheka, nilikasirika. Nilikuwa na hasira za karibu siku hizo, bado ninazo, na hakuna kitu kinachonikasirisha kama mtu kukubali hesabu yako halafu akakataa jibu.

Jumapili ya tatu ilipofika, ng'ombe alianza kulia hata kabla hatujanywa chai. Baba alivaa koti lake, akaenda zizini akamtazama kwa huzuni, akaenda kanisani mapema kwa sababu siku hiyo alikuwa na zamu ya kuongoza maombi. Mama alisema kichwa kinamuuma. Akasema pia nibaki nimkande. Baba alipopita ile kona ya mwisho ya mibuni, mama alifunga kitambaa cha kichwa upya, kwa nguvu, akaniambia, "Leta kamba."

Tulimpeleka ng'ombe kwa njia ya chini ya mtoni ili tusikutane na waenda ibada. Sijawahi kuona mama akitembea haraka vile. Aliogopa Jumapili kama baba alivyoiogopa, na njia nzima midomo yake ilikuwa ikicheza, nadhani alikuwa akiomba msamaha kabla ya kosa. Afisa alifika, akavaa glavu yake ndefu hadi begani, akafanya kazi yake, akatuambia, "Leo ndiyo mmekuja saa yake. Leo mtaniona mimi ni nani." Tukarudi. Mama akalala kitandani ili kichwa kiendelee kumuuma.

Kumbe saa ile ile, kule kanisani, baba alikuwa amesimama mbele ya watu wote akaweka nadhiri. Alisema, Bwana akimfungua ng'ombe wake, ndama wa kwanza ataletwa madhabahuni Jumapili ya mavuno. Alirudi nyumbani uso ukimng'aa na kututangazia. Akaongeza, "Tena kesho hatumpeleki kizimbani. Sindano imeshindwa. Nimemwachia Mungu peke yake."

Mama, akiwa amelala na kitambaa usoni, alisema, "Ni sawa, baba watoto."

Wiki tatu baadaye tuliketi mezani Jumapili asubuhi, baba akafungua kitabu cha sala, akanyamaza. "Sikilizeni," akasema. Tulisikiliza. Kulikuwa na kuku, kulikuwa na maji yakichemka, na kutoka zizini hakukuwa na sauti yoyote. Ng'ombe alikuwa akitafuna zake. Nilimwona baba machozi yamemjaa, naye hakuwa mtu wa machozi. Furaha yangu siku hiyo ilikuwa kubwa na ilikuwa imechafuka, kwa kuwa nilijua, na mama alijua, na tulikuwa tukitazamana juu ya sufuria.

Baba akatoa ushuhuda. Kama angetoa mara moja tu, pengine yangeishia hapo. Lakini habari ya ng'ombe aliyeshika mimba kwa maombi matupu, bila dume wala sindano, ilivuka mto na kushuka chini hadi Gachoka, huko Mbeere, na siku moja baba akaalikwa huko kuisimulia. Alirudi amepewa mbuzi. Mimi nilikuwa napasuka. Nilimwambia mama kwamba tunaulea uongo, na yeye akaniambia niuchunge mdomo wangu, kwamba si kila kilichopikwa hupakuliwa siku hiyo hiyo.

Kilichomtia wasiwasi mama ni jirani yetu mjane, wa ng'ambo ya kijito, ambaye naye alikuwa na ng'ombe mmoja asiyeshika. Alikuja kumwomba baba amwombee, akasema kizimbani hataki kukanyaga tena, anataka imani kama ya mzee. Baba aliomba vizuri, kwa muda mrefu, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe. Mama akamsindikiza mjane hadi kijitoni, na huko, nikiwa nyuma yao, nilimsikia akisema, "Mwache mzee aombe. Wewe, akianza kulia tu, mpeleke kizimbani. Nenda na imani yako yote, na umpeleke." Mjane akamtazama, akaelewa, akashika mdomo. Ng'ombe wake akashika mimba, na sifa za baba zikazidi. Na mjane, akiwa mtu wa watu, hakukaa na siri hiyo peke yake.

Ng'ombe wetu alizaa alasiri moja ya mvua nyepesi, mama akimvuta ndama miguu ya mbele na mimi nikishika mkia, baba akitoa amri ambazo hakuna aliyehitaji. Alikuwa wa kike. Mama alipiga kigelegele pale pale kwenye matope, mara tano, kama kwa mtoto wa mtu. Kisha tukampangusa ndama, na rangi yake ikaonekana. Alikuwa mweusi tititi, na baka jeupe kwenye paji.

Baba alizunguka. Akamtazama mbele, akamtazama nyuma. Kwenye miinuko ile yote madume yaliyojulikana yalikuwa mekundu au ya kijivu, na yeye aliyajua yote na wenyewe.

"Mama," aliniambia, "wewe unasoma mambo haya. Mwekundu anaweza kuzaa mweusi?"

"Anaweza, baba, kama baba yake ndama ni mweusi. Weusi huushinda wekundu."

"Na hilo dume jeusi liko wapi?"

Mama aliacha kupangusa. Alinitazama, na mimi nikamtazama, na nilikuwa nimelishikilia lile neno kwa miezi tisa, zaidi ya hapo nisingeweza hata kama ningefungwa mdomo kwa kamba.

"Liko kwenye mtungi," nikasema.

Nikamwambia yote. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyehama. Baba aliuliza jambo moja tu, ilikuwa saa ngapi, na mama akamjibu kwamba ilikuwa wakati wa ibada. Akatikisa kichwa polepole, akachukua jembe, akateremka kwenye mibuni, na tukamsikia akipalilia mahali palipokuwa pamepaliliwa.

Alirudi wakati wa chakula cha jioni. Alikaa, akasogeza sahani kando. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, maana kwa hasira nilikuwa nimejiandaa. Alinigeukia mimi, wala si mama.

"Niambie ukweli, mama. Kama ni sindano, mimi niliomba nini?"

Mama ndiye aliyejibu, akiwa anapakua maharagwe.

"Uliomba ashike. Ameshika. Sasa unataka nini, risiti?"

Baba alitaka kukaza uso, ukamshinda. Alicheka kidogo, kwa pua. Lakini kilichokuwa kinamkera hakikwisha. Alisema amewaambia watu hakukuwa na sindano, na ilikuwako, kwa hivyo amekuwa shahidi wa uongo hadi Gachoka. Na ndama, je?

Hapo ndipo niliona nafasi na nikaikamata. Nilisema, kama sindano ndiyo iliyofanya kazi, basi nadhiri imeanguka, na ndama ni wa mama. Nilijiona wakili. Nilimtazama mama nikitegemea sifa, naye alikuwa amesimama na mwiko, uso umejaa matumaini waziwazi kama wa mtoto. Alimtaka yule ndama. Alikuwa amemtaka miaka, alimfuata hadi kizimbani akitetemeka, alimvuta kwa mikono yake kutoka tumboni.

Baba aliivuta sahani yake karibu tena. Kisha akasema, taratibu, kwamba nadhiri yake haikutaja njia. Alisema, Bwana ukimfungua, ndama ni wako. Hakusema, ukimfungua bila kusaidiwa. Ng'ombe amefunguliwa. Kama angekataa kumtoa ndama kwa sababu njia haikumpendeza, angekuwa sawa na yule afisa, wa kugawana na Mungu kama anavyotaka yeye.

Mama hakubishana. Aliweka mwiko chini, akatoka, na nilipomfuata nilimkuta zizini amemkumbatia ndama shingo, analia. Baba alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Alimwona, na alijua kwamba nimemwona akimwona.

Miezi ilipita, ndama akanenepa, akaachishwa kunyonya. Mama alimlisha kwa mkono wake hadi wiki ya mwisho kabla ya mavuno. Na wiki hiyo akawa na safari nyingi. Jumatano na Alhamisi, baada ya kupeleka maziwa kituoni, hakurudi moja kwa moja. Nilikuwa nimefunga shule, kwa hivyo nilimbebea debe, na nikasikia. Kwa kila nyumba alisema maneno yale yale. "Jumapili, mnadani, mimi nitainua mkono. Nawaomba mikono yenu ipumzike." Akina mama walimshika bega, wengine wakacheka, wote wakakubali. Mke wa mwenye duka kubwa la Manyatta, ambaye mumewe alikuwa na tabia ya kununua kila kitu kizuri kinacholetwa kanisani, alimwambia, "Wa kwangu niachie mimi."

Kwa asiyejua, Jumapili ya mavuno watu wetu hawatoi pesa tu. Huleta walichovuna, mikungu ya ndizi, viazi vikuu, miwa, mahindi, kuku waliofungwa miguu, na baada ya ibada vinapigwa mnada uwanjani, huku watu wakishindana kwa furaha hadi mkungu mmoja wa ndizi unauzwa bei ya mbuzi. Ni sadaka, basi hakuna anayelalamika.

Kabla ya mnada, baba aliomba nafasi ya kusema. Alisimama mbele, kofia mkononi. Alisema, "Niliwaambia ndama huyu alipatikana bila sindano. Si kweli. Sindano ilikuwako. Mke wangu na binti yangu walimpeleka ng'ombe kizimbani siku ya Jumapili, nami nikiwa hapa nimefumba macho. Sikujua. Sasa najua, na nyinyi mjue."

Halafu mzee mmoja huko nyuma akakohoa, mwanamke mmoja akashindwa kujizuia, na kanisa zima likaangua kicheko, maana kanisa zima lilikuwa linajua tangu zamani. Yule mjane wa ng'ambo ya kijito alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yakimtingika. Baba alitazama huku na huku, akatambua kwamba ni yeye peke yake aliyekuwa hajui, na nilimwona akichagua. Angeweza kukasirika. Akacheka nao, akacheka hadi akaegemea mimbari, na mchungaji akalazimika kuanzisha wimbo ili tutulie.

Mnada ukaanza. Mtunza hazina wa kanisa ndiye aliyekuwa akinadi, mtu mwenye mdomo mtamu wa kumuuzia samaki maji. Ndizi zikapanda, kuku wakapanda, viazi vikuu vikazua ugomvi wa kirafiki kati ya koo mbili. Kisha akaletwa ndama, amepigwa mswaki anang'aa, na utepe shingoni ambao sijui mama aliutoa wapi.

"Mtamba huyu!" akaimba yule mnadi. "Damu ya kigeni, sala za kienyeji! Nani anafungua?"

Mama akainua mkono. Akataja bei ambayo ingenunua jogoo, tena jogoo mwenye kikohozi.

Watu wakanyamaza. Mnadi alicheka, akidhani ni mzaha wa kufungulia. Akangoja. Akasifu miguu ya ndama, akasifu mgongo, akakokotoa maziwa ya kizazi hiki na kijacho. Mikono mingi ilikuwa mifukoni, mingine imekumbatia watoto. Mwenye duka alikuwa anatazama juu, kwenye miti, kama mtu anayehesabu ndege, na mkewe amemshika kiwiko. Mnadi alimwita kwa cheo, alimwita kwa utani, akamsihi. Maskini mnadi alitoa jasho. Hatimaye, kwa sauti ya msibani, akasema, "Mara ya kwanza. Mara ya pili. Jamani. Mara ya tatu."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia tena hata kwenye harusi yangu. Na asije mtu akasema kanisa lilidhulumiwa. Mtamba yule alipozaa, chupa ya maziwa ilikwenda nyumbani kwa mchungaji kila asubuhi, na kwa mchungaji aliyemfuata, na kwa aliyemfuata huyo, hadi mama alipokuwa hawezi tena kukamua.

Tulirudi nyumbani jioni hiyo kwa mguu. Baba alitangulia, ameshika kamba ya ndama, na mimi nilikuwa kando yake. Mama alikuwa nyuma kabisa pamoja na wanawake wenzake, wakiimba. Siku hizo mwanamume wa rika lake, tena mzee wa kanisa, hakutembea bega kwa bega na mkewe njiani.

Baba alikuwa na furaha iliyotulia. Alisema, kama anayejisemea, "Umeona jinsi Mungu alivyofunga midomo ya watu."

Ningenyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu, na nilikuwa bado mimi.

"Baba, si Mungu. Ni mama. Alizunguka nyumba hadi nyumba."

"Najua," akasema. "Jumatano na Alhamisi."

Nilisimama. Yeye aliendelea hatua chache, akageuka, ndama naye akageuka.

"Sasa mama," akaniuliza, "siku hizo mbili nilipokuwa peke yangu kule kwenye kahawa, unafikiri nilikuwa naomba nini? Nilikuwa naomba wamsikilize."

Akanipa kamba, akarudi nyuma kutembea na mke wake.